Neno la Kiebrania Lililofika Mwamapalala

Nilistaafu mwezi uliopita. Walimu wenzangu vijana waliniandalia pilau, wakanipa kitenge na saa ya ukutani, kisha wakaniomba niwaandikie jinsi kazi ya kufundisha Agano la Kale ilivyokuwa tulipoianza. Nimekubali kwa sharti kwamba sitaandika habari za vyeo, kwa kuwa nilivyopata ni vichache na vilichelewa, wala za mishahara, kwa kuwa tunaheshimiana. Nitaandika yale yaliyonifundisha kazi yenyewe, na hasa kesi moja ambayo sikuishughulikia vizuri.

Jina langu ni Milembe. Nilizaliwa Binza, pale Maswa, baba yangu akiwa mkulima wa pamba na mzee wa kanisa. Nilifika chuo chetu cha wainjilisti, nje kidogo ya Bariadi, katika miaka ile watu waliyoiita ya ruksa. Sabuni na sukari zilikuwa zimerudi madukani. Mitumba ilijaa minadani. Wanunuzi binafsi walikuja na malori yao kutafuta pamba, na jenereta zikaanza kuunguruma kwenye senta ambazo zilikuwa hazijawahi kuona balbu. Jina la Simiyu lilikuwa la mto tu wakati huo. Sisi tulikuwa mkoa wa Shinyanga, na barua zetu zilipitia huko kwanza kabla ya kurudi kwetu zimechoka.

Siku yangu ya kwanza darasani kulikuwa na wanafunzi kumi na tisa, wote wanaume, wengi wao wakinizidi umri. Nilipoingia walisimama, wakaniamkia, "Mwangaluka, mayu," kama wanavyomwamkia mama yeyote, kisha wakabaki wamesimama wakitazama mlango. Nikawaambia wakae. Mmoja wao akauliza kwa adabu kama mwalimu amepata udhuru. Nikamjibu kwamba mwalimu ni mimi. Wakakaa, na sikusikia neno jingine mpaka kengele. Yule aliyeuliza aliitwa Nkwabi, mtu wa Mwamapalala, mfugaji na mkulima, mrefu, mwenye sauti ya chini. Tangu kesho yake alikuwa akinifutia ubao kila asubuhi bila kuambiwa, nadhani kwa aibu ya siku ile.

Aliyenifunza kazi ni Mwalimu Zakaria Mabula, niliyemkuta pale akikaribia kustaafu. Kabla ya kuingia kazi ya kanisa alikuwa karani kwenye kinu cha pamba, akipima mizigo na kuandika stakabadhi. Kiebrania alikuwa amejifunza kwa mmisionari mmoja mzee, kutoka kitabu cha sarufi ambacho kurasa zake za mwanzo zilikuwa zimeliwa na mchwa. Alikuwa akisema ndiyo maana anajua mambo magumu ya lugha ile na hajui yale mepesi. Kamusi yake alikuwa ameijaladi kwa kipande cha gunia la mbegu. Hatukuwa na vitabu vya rejea vya kutosha, kwa hiyo alijitengenezea vyake. Alichukua stakabadhi za zamani za pamba ambazo hazikutumika, na nyuma ya kila moja akaandika neno moja la Kiebrania, na chini yake mahali pote neno hilo linapopatikana katika Maandiko. Alizipanga kwenye maboksi ya sabuni. Ninyi leo mnabonyeza simu. Sisi tulipekua boksi la sabuni, na vidole vilinukia sabuni ya karboliki hata wakati wa kula.

Mwalimu Mabula hakuwa mtu mtamu. Ukitoa hoja asiyoipenda alikuwa anakohoa mpaka uiache. Lakini alinipa zoezi ambalo nimelitumia hadi siku ya mwisho, nami nawasihi mlishike. Kila mstari tuliousoma, mwanafunzi alitakiwa aseme jinsi ambavyo angemwelezea mama yake mzazi nyumbani, kwa Kisukuma, bila kuazima neno la Kiswahili. Hapo ndipo ungejua nani ameelewa. Mtu anaweza kuhubiri "neema" kwa saa nzima kwa Kiswahili, ukimwambia aiseme kwa mama yake anaanza kutafuta leso.

Mwaka wangu wa pili, kijana mmoja aliyeitwa Masanja alifungua kibanda cha video pale senta ya Mwamapalala. Alikuwa amefanya kazi Mwanza, akarudi na jenereta, televisheni na deki. Alijenga kuta za mabua, akaweka mabenchi, akatundika turubai mlangoni kuzuia mwanga. Siku za mnada alionyesha tangu asubuhi. Filamu zilikuwa za Kiingereza au lugha nyingine ambazo watazamaji hawakuzijua, kwa hiyo Masanja alisimama kando ya televisheni na fimbo, akiwatafsiria kwa Kisukuma. Watu walisema filamu ikiwa mbaya, Masanja huitengeneza.

Uongozi wa kanisa ulipiga marufuku wanafunzi wetu kuingia humo, ukidhani hilo limemaliza jambo. Mimi sikuwa na maoni. Nilikuwa na daftari za kusahihisha.

Msimu wa mvua mwaka huo, binti wa Nkwabi aliyeitwa Holo, mwenye umri wa miaka minne, alipata homa kali, akashikwa na degedege, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Nkwabi alikwenda kuzika, akarudi darasani baada ya wiki mbili. Alikuwa amekonda. Tulimpa pole, tukaomba pamoja naye, na aliendelea kufuta ubao.

Siku moja katikati ya somo akanyoosha mkono. Aliuliza kuhusu ule mstari mfupi wa kitabu cha Kutoka unaoagiza kwamba mwanamke mchawi asiachwe hai. Alitaka kujua kama amri ile bado inatenda kazi au ilikuwa ya Waisraeli tu. Mimi nilimtazama, nikatazama saa, nikaona tumebaki na dakika kumi na tulikuwa bado sura ya kumi na mbili. Nikamwambia ni swali zuri, tutalifikia juma la kesho kwa mpangilio wake.

Nimewaambia sikuishughulikia vizuri kesi hii, na kosa lenyewe ndilo hilo. Mtu aliyefiwa na mtoto hawezi kuuliza swali kama lile kwa ajili ya mtihani. Nilijua, na nilijifanya sijui, kwa sababu sikuwa na jibu tayari na sikutaka kukosa jibu mbele ya wanaume kumi na tisa.

Juma la kesho Nkwabi hakuja. Mwenzake wa bweni akaniambia yaliyotokea. Jirani na boma la Nkwabi aliishi mjane mmoja mzee, Mayu Ngolo, ambaye macho yake yalikuwa mekundu siku zote. Watoto walikuwa wakimkimbia tangu zamani, lakini kwa mchezo. Kisha Masanja akaleta filamu yenye mwanamke wa macho mekundu ambaye kila anakopita watoto wanakufa, na Masanja akamwonyesha kwa fimbo yake, akamwita *nogi*, yaani mchawi, yule anayekula watu kwa husuda ya moyo wake. Senta nzima ilimwona. Baada ya hapo Holo akafa. Mganga wa ramli naye akaulizwa, akasema anayeua yuko karibu na maji yanakochotwa, na boma la Mayu Ngolo lilikuwa karibu na kisima. Wazee wakakutana, wakampa siku saba awe ameondoka. Vijana wengine walisema siku saba ni nyingi mno, na kila mtu wa kwetu anajua maneno kama hayo huishia wapi. Katika kikao hicho aliombwa mtu wa dini aseme neno. Nkwabi alisimama na Biblia yake ya chuo, akausoma ule mstari.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Mabula. Alinisikiliza bila kukohoa. Kisha akavuta boksi la sabuni, akatoa stakabadhi moja, akaiweka mezani. Ilikuwa na lile neno la Kiebrania ambalo Biblia zetu zimelitafsiri kuwa mchawi. Chini yake alikuwa ameandika mahali linapopatikana. Linapatikana kwa wataalamu wa Farao walioshindana na Musa. Linapatikana kwa malkia Yezebeli, kwa mfalme Manase, kwa wenye hekima wa mfalme wa Babeli. Manabii wanaitupia Babeli na Ninawi neno hilohilo.

Aliniuliza ninaona nini. Nikasema hawa wote ni watu wa ikulu.

"Ni mafundi," akasema. "Wanaitwa kwa kazi, wanakuja na vifaa, wanapiga ramli na kutengeneza dawa. Wagiriki walipolitafsiri walitumia neno la mtu wa madawa. Sasa geuza kwa Kisukuma. Huyu ni *nogi*?"

Nikafikiri. Nikasema hapana, kwa kadiri ninavyoona huyu amekaribia zaidi kuwa *nfumu*, mganga mpiga ramli.

"Basi mwanafunzi wako amempiga bibi kizee kwa fimbo iliyochongwa kwa ajili ya yule aliyemtaja bibi kizee."

Nilifurahi mno. Nikasema tukawaambie hivyo, tena tuongeze kwamba hata maneno "asiachwe hai" siyo yale ambayo Kutoka hutumia kawaida kwa hukumu ya kifo, huenda maana yake ni kumnyima riziki tu. Hapo akakohoa. Aliniambia wataalamu wanabishana juu ya hilo na mimi sijui, na nisilifanye Andiko liseme ninachotamani kwa sababu nina haraka. Mstari ni mkali, akasema, na utabaki mkali. Tena, nikienda kuwaambia kwamba unamhusu mganga, nitakuwa nimewabadilishia tu mtu wa kumfukuza. Niwaonyeshe tu kwamba hawajui wanachodai kukijua, basi.

Nimeyaweka maneno hayo hapa kwa ajili yenu, kwa sababu miaka hii naona walimu wengi wanaojua Kiebrania cha kutosha kuulainisha mstari wowote.

Tulikuwa na siku nne, na wazee wangekutana tena Jumamosi. Mwalimu Mabula magoti yake yalikuwa mabovu, hakuweza safari. Nilikwenda kwanza hospitali kumwona Nesi Devota, mhudumu wa kitengo cha macho, ambaye alikuwa akisali kanisa Katoliki na alikuwa na ulimi mkali. Nilimwelezea. Aliniuliza Mayu Ngolo anapikia nini. Nikasema nadhani kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, kama wengine wote wa huko, kwa kuwa miti ilikatwa zamani kupisha pamba. Akasema basi hana haja ya filamu. Kuna moshi, na kuna vikope, ugonjwa wa macho unaosambazwa na nzi na mikono na nguo ya kufutia watoto nyuso, na ndiyo maana unawashika zaidi akina mama. Kope hujikunja kwa ndani na kukwaruza jicho miaka na miaka. "Mnawaua kwa sababu wametupikia," akasema. Alisema Jumamosi hana zamu, atakuja na tochi yake.

Ijumaa nilipanda lori la mnunuzi wa pamba hadi Mwamapalala, na nikafanya jambo ambalo baadaye lilinifanya niitwe mbele ya wazee wa kanisa. Niliingia kwenye kibanda cha video. Ilikuwa mchana, siku ya mnada. Watu walinipisha kwenye benchi la mbele, wengine wakavua kofia. Nilimwomba Masanja aniwekee filamu ile. Alisita, kisha akaiweka, akashika fimbo yake.

Kiingereza changu nilikuwa nimekipata kwenye vitabu vya ufafanuzi wa Biblia, siyo kwenye filamu, kwa hiyo nilikosa mengi. Lakini nilielewa ya kutosha. Yule mwanamke wa macho mekundu alikuwa mtumishi wa maabara. Alikuwa ameambukizwa ugonjwa kazini, macho yake yalikuwa mekundu kwa homa, na watoto walioupata ugonjwa walikuwa wale aliowakumbatia kabla hajajua kwamba anaumwa. Filamu nzima daktari mmoja anamtafutia dawa. Masanja alikuwa anasema vitu vingine kabisa. Daktari aliposema, "Vumilia, nitakuponya," Masanja alisema, "Kiri, wewe nogi, umekula wangapi?" Mabenchi yote yaliguna.

Ilipokwisha nilimwomba tuongee nje. Nilimwambia nilichosikia. Hakukasirika. Alikuna kichwa, akasema Kiingereza chake ni cha bandarini Mwanza, cha kubeba mizigo. Anawatazama watu sura, anatunga. Macho mekundu aliyaona, na kila mtu kwetu anajua macho mekundu ni nini.

"Na wewe, mwalimu, si unatafsiri vilevile?" akaniuliza. "Ukikwama kwenye neno unafanyaje?"

Nilimwambia ninauliza, na mara nyingine, kama juma lililopita, ninaogopa kuuliza na ninasogeza mbele. Nikamwelezea kuhusu Nkwabi. Nilimwomba aje kesho kwenye kikao aseme alivyotunga. Akasema akisema hivyo hakuna atakayemwamini tena, hata akionyesha filamu ya ng'ombe. Niliona ana haki ya kuogopa.

Siku hiyo nililala kwa mke wa Nkwabi. Nkwabi mwenyewe tulizungumza jioni uani, jua likiwa bado halijazama. Nilianza kwa kumwomba radhi kwa kumwambia angoje juma la kesho. Alisema si neno. Nikamweleza stakabadhi ya Mwalimu Mabula, mahali kwa mahali. Alinisikiliza kama anavyosikiliza darasani, akitikisa kichwa penye hoja. Kisha akasema:

"Mwalimu, hospitali waliniambia ni malaria. Nakubali ni malaria. Mbu aliuma watoto wengi. Nani alimtuma huyu kwa Holo?"

Nilimwambia sijui. Nilimwambia kuna mtu katika Maandiko aliyezika watoto wake wote siku moja, akauliza swali hilohilo kwa sura thelathini na zaidi, na rafiki zake wakaleta majibu, na mwishoni Mungu alipomjibu hakumtajia jina la jirani.

Mkewe alikuwa akichochea moto nyuma yetu, na moshi ulikuja upande wetu. Nkwabi akasema, "Ayubu alikuwa na nguvu. Mimi nilitaka jina." Akainuka akaenda kufunga ndama.

Kikao kilikuwa Jumamosi asubuhi, kwenye uwanja wa shule. Mayu Ngolo hakuwepo. Mtuhumiwa haitwi. Niliomba ruhusa ya kusema, mzee wa kikao akanipa kwa kuwa nilikuwa mgeni. Nilisema habari za stakabadhi kwa Kisukuma. Walinisikiliza kwa heshima, na niliona kwamba haikuwagusa. Mzee mmoja alisema kwa upole kwamba ya Farao tumwachie Farao.

Ndipo Masanja akasimama kutoka nyuma. Alikuwa amekuja bila fimbo. Alisema filamu ile hakuielewa. Alisema yule mwanamke hakuwa nogi, alikuwa mgonjwa, na yeye aliweka neno hilo kwa sababu watu walikuwa wanasinzia. Mtu akamuuliza na filamu nyingine je. Akasema nyingi ni hivyo hivyo. Watu wengine walicheka, lakini si wote, na nikaona kijana mmoja aliyekuwa ameegemea panga lake akimtazama kwa hasira kuliko alivyokuwa amenitazama mimi.

Nesi Devota hakutoa hotuba. Alitoa tochi, akaomba akina mama wote waliopikia watu kwa zaidi ya miaka ishirini wasogee kwenye kivuli cha darasa. Hakuna aliyesogea. Akasema basi aanze na mama wa mtu aliyefiwa. Mama mzazi wa Nkwabi, mwanamke mfupi mwenye kanga mbili, alijongea mbele. Nesi akanawa mikono kwenye beseni, akalibinua kope la mama yule kwa kidole gumba, akamulika, na akamwita Nkwabi aje atazame karibu.

Ndani ya kope kulikuwa na makovu meupe, na jicho lote pembeni lilikuwa jekundu. Mama alikuwa akijifunika kanga usoni kila alipotoka nje, na mwanawe alidhani ni adabu tu. Nesi akamuuliza yamemuuma tangu lini. Akajibu tangu alipomzaa Nkwabi. Akasema alikuwa anaogopa watu wakiyaona.

Nkwabi alimtazama mama yake. Kisha akaketi chini, mavumbini, mtu mzima yule, akaweka Biblia magotini. Akina mama wengine wakaanza kusogea kwenye kivuli, mmoja mmoja. Hesabu siikumbuki na sitaitunga. Lakini mstari ulikuwa mrefu, na wanaume wao wakawa wanautazama.

Kikao kiliahirishwa, ndilo neno walilotumia. Hakuna aliyesema wamekosea. Siku saba zilipita, hakuna aliyekwenda kwa Mayu Ngolo. Niliporudi chuoni nilidhani tumeshinda, na nilimwandikia baba yangu hivyo.

Baada ya mwezi, ua wa minyaa wa Mayu Ngolo ulikatwa wote mchana kweupe alipokuwa shambani, na hakuna aliyeona aliyekata. Yeye hakungoja zaidi. Alifunga vyombo vyake akaenda kwa binti yake aliyeolewa Kiloleli, upande wa ziwani. Masanja naye alifunga kibanda kabla ya mavuno. Nasikia alikwenda Maswa, akawa fundi wa redio, kazi ambayo haihitaji kutafsiri. Nami niliitwa na wazee wa kanisa kujibu shtaka la kuingia kwenye video. Nilionywa kwa maandishi. Barua hiyo ninayo bado.

Nkwabi hakurudi muhula ule. Aliporudi muhula uliofuata, aliniomba ruhusa aseme mbele ya darasa alichofanya, akasema kwa maneno machache. Alimaliza chuo, akawa mwinjilisti kwao. Kwa miaka mingi alikuwa akiwapakia akina mama kwenye baiskeli, mmoja kila safari, kuwapeleka kwa Nesi Devota, na wa kwanza alikuwa mama yake. Alikwenda pia Kiloleli. Aliniambia alimkuta Mayu Ngolo, akapiga magoti, akaomba radhi. Mayu Ngolo alimpa kibuyu cha maziwa ya mgando, akangoja amalize kunywa, akachukua kibuyu chake akaingia ndani. Nkwabi aliniuliza kama huo ni msamaha. Nilimwambia hata mimi sijui, ila yeye Nkwabi maziwa aliyanywa na hakufa, kwa hiyo naye alikuwa amemwamini mama yule kidogo.

Mwalimu Mabula alifariki, akaniachia maboksi ya sabuni. Miaka iliyofuata nilifundisha Kutoka kila mwaka, na nilipofika kwenye mstari ule nilitoa ile stakabadhi, nikaeleza habari za ikulu, wanafunzi wakaandika. Lilikuwa somo zuri. Kengele ilikuwa ikilia nikiwa papo hapo kila mwaka.

Kisha nikatumwa Kiloleli kwenye semina ya wanawake, na baada ya semina nikauliza nyumba. Mayu Ngolo alikuwa amekaa kwenye ngozi mbele ya mlango, akichambua mchele kwenye ungo. Alikuwa amefanyiwa upasuaji mdogo wa kope, jicho moja likawa linaona vizuri na jingine kidogo. Binti yake alikuwa akianika mpunga upande wa pili wa uwanja. Nilimwamkia, nikajitambulisha. Akasema ananijua, mimi ndiye mama wa chuo niliyeongea habari za Farao. Alicheka kidogo.

Tulizungumza habari za mvua na za macho. Nilipotaka kuaga aliniuliza kama ninayo Biblia. Nikasema ninayo mkobani.

"Nisomee waliyonisomea," akasema. "Mimi sikuwepo."

Nilishtuka kwamba miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsomea. Nikaufungua mstari ule, nikausoma kwa Kiswahili, nikaugeuza kwa Kisukuma, neno kwa neno, bila kuulainisha. Akangoja, kama anayesubiri sehemu iliyobaki.

"Ni huo tu?"

"Ni huo tu, mayu."

"Mfupi," akasema. "Nilidhani ni mrefu, kwa jinsi watu walivyokuwa wengi." Akapepeta ungo mara mbili. "Haya, endelea."

Nikaendelea, kwa sababu hakuna aliyepiga kengele. Mistari minne tu chini yake, katika sura ileile, mkono uleule ulioandika ule wa kwanza unakataza watu wasimtese mjane, na Mungu anaapa kwamba mjane akimlilia, kilio chake atakisikia. Nilikuwa ninaujua mstari huo tangu utotoni. Nilikuwa nimeufundisha pia, mahali pengine, chini ya kichwa kingine cha somo. Katika uwanja wa shule ya Mwamapalala sikuukumbuka, nami nilikuwa nimebeba Kiebrania chote kile.

Nilipomaliza kuugeuza, mikono yake ilikuwa imetulia juu ya mchele.

"Na huo waliusoma?"

"Hawakuusoma. Wala mimi sikuusoma."

Hakunilaumu. Alitazama ng'ambo ya uwanja kwa lile jicho zuri, akamwita binti yake aache mpunga aje akae. Binti akaja akifuta mikono kwenye kanga, akaketi kwenye ngozi kando ya mama yake, akiuliza kuna nini.

"Soma tena," Mayu Ngolo akaniambia. "Polepole, na huyu asikie."